Wageni wa Jiweni: Namna ya Kumtambua Kiumbe Usiyemleta katika Tangi Lako la Bahari

Hapana swali niulizwalo mara nyingi kuliko hili, nalo aghalabu huja usiku, kwa maneno ya mtu aliyeshikwa na hofu: "Bwana, nimetia maji na mawe katika tangi langu wiki mbili tu zilizopita, sijaweka samaki hata mmoja, na leo nilipowasha taa nimeona kitu kinatambaa. Ni kitu gani, na nitakiua vipi?" Waulizaji wako Muscat na Dubai, wako Nairobi na Dar es Salaam, wako London na Minneapolis, na ijapokuwa viumbe wanaowaona si wamoja, swali lao lina kasoro moja: sehemu yake ya pili huulizwa kabla ya kwanza kujibiwa.

Siwacheki, kwani katika tangi langu la kwanza nilifanya taksiri iyo hiyo. Nilimwona mnyoo wa rangi ya waridi akichungulia tunduni, nikalitoa jiwe zima nikaliacha uani juani toka asubuhi hadi alasiri, kisha nikalirudisha majini nikijiona mshindi. Kesho yake maji yalinuka uvundo, amonia ilipanda, na konokono wangu wote wakabwagika mchangani wasiinuke tena. Mnyoo yule, kama nilivyokuja kufahamu baadaye, alikuwa mfagiaji wa nyumba.

Walikotoka

Jiwe hai, kama tuliitavyo wafugaji, ni kiunzi cha matumbawe ya kale kilichojaa vitundu kama sega la nyuki, na ndani ya vitundu hivyo wamo bakteria waigeuzao amonia ya vinyesi na mabaki kuwa naitraiti, kisha naitreti, kazi ambayo kwa ajili yake twalinunua jiwe hilo kwa bei ya kuumiza. Lakini vitundu vilivyowapokea bakteria vimewapokea na wapangaji wengine, na jiwe likihama, nao huhama. Hata aliyeanza kwa mawe makavu hajaepukana nao, maadamu kila kipande cha tumbawe atakachonunua baadaye huja kimegandishwa juu ya kigingi, na chini ya kigingi huwa na mayai ambayo jicho haliyaoni.

Waswahili husema mgeni njoo, mwenyeji apone, na kwa wengi wa wageni hawa msemo huo ni wa kweli kabisa: hula mabaki ya chakula, hupekua mchanga usigande, hukwangua mwani kioo kisifunikwe, na watoto wao huwa riziki ya samaki. Wabaya wapo, nao nitawataja, ila ni wachache kuliko hofu inavyowahesabu.

Tazama mlangoni

Wanawake wa pwani yetu wanaotoka kuchokoa pweza wakati wa bamvua, maji yanapokupwa hadi mwamba ukabaki wazi, hawamtafuti pweza mwenyewe, kwa kuwa pweza akitaka asionekane haonekani. Hutazama mlango wa tundu, na wakikuta magamba ya kaa na ya kombe yamelundikana hapo, na mchanga umesafishwa upya, hujua mwenye nyumba yumo. Hiyo ndiyo elimu ninayokutaka uichukue. Sura ya kiumbe hudanganya, na picha ya kitabuni hudanganya zaidi, kwani spishi kumi huweza kufanana. Lakini mabaki yaliyo mlangoni pake, saa atokayo, na chakula anachokiendea ni ushahidi.

Basi kabla ya kuhukumu, jipe siku saba, na katika siku hizo fanya haya:

- Funika kurunzi kwa karatasi nyekundu ya nailoni, kisha uende tangini saa moja au mbili baada ya taa kuzimwa. Wengi wa viumbe hawa hawaijali sana nuru nyekundu, ilhali nyeupe huwakimbiza kabla hujaona kitu.
- Weka daftari, uandike mahali, saa, ukubwa ukilinganisha na sarafu, na hasa alikuwa anafanya nini. Neno "anatisha" lisiandikwe humo, kwa kuwa halina manufaa kwa mtu utakayemwomba shauri.
- Hesabu konokono, kaa na matumbawe yako jioni, uhesabu tena asubuhi. Tuhuma isiyo na upungufu wa hesabu ni dhana tu.
- Ukipiga picha, zima pampu, pangusa kioo, na uwashe taa nyeupe. Picha iliyopigwa chini ya taa ya buluu humfanya kila kiumbe kuwa wa buluu, na hapana mjuzi awezaye kukusaidia kwa hiyo.
- Pima maji. Nasisitiza hili kuliko yote yaliyotangulia, kwani katika mwezi wa kwanza vifo vingi anavyosingiziwa mnyoo au kaa vimeletwa na amonia, au na chumvi iliyopanda kwa maji kukauka bila kuongezwa. Uzito wa maji ya bahari katika kipimo chako uwe karibu na 1.025, na joto baina ya nyuzi 25 na 27 za Selsiasi.

Vidudu vyeupe kiooni

Hawa nawapitia upesi. Ukiona nukta nyeupe zirukazo kioo kizima, au wadudu kama uduvi wadogo wakikimbia chini ya jiwe, shukuru, kwani ni kopepodi na amfipodi, ambao bila wao samaki kama mandarini, Synchiropus splendidus, hukonda akafa. Wa kutahadhari ni mmoja tu wa ukoo wa karibu: mdudu mwenye macho makubwa na umbo la chawa aogeleaye kwa kasi, umkutaye asubuhi amejishika mwilini mwa samaki. Huyo mtoe samaki wako, umwondoe kwa kibano, na samaki wengine wakae tangi jingine mpaka uhakikishe wenzake wamekwisha.

Minyoo

Hapa ndipo penye hofu kubwa na dhuluma kubwa. Mnyoo wa kawaida wa mawe hai ni wa rangi ya waridi au kijivu, mwenye vishungi vya nywele nyeupe ubavuni kila pingili, atokaye usiku na kurudi upesi akimulikwa. Jina lake la kitaalamu ni Eurythoe complanata au jamaa zake, na kazi yake ni kula kilichokufa. Watu humkuta juu ya konokono mfu, wakasema ameua. Ni sawa na kumkamata mwosha maiti kwa kosa la mauaji. Wakizidi idadi, lawama ni ya mkono unaolisha: punguza chakula, nao watapungua.

Mnyoo wa kumwogopa ni mwingine, wa jamii ya Eunice, na alama zake ni hizi:

- kichwani ana papasi tano zilizo wazi, ilhali mfagiaji hana kichwa cha kujivunia;
- mwili wake hung'aa rangi za upinde wa mvua ukimulikwa, kama mafuta juu ya maji;
- hutoa nusu ya mwili tu, mkia ukibaki tunduni, naye hurudi kwa mshtuko mmoja kama mpira uliovutwa ukaachwa;
- ana mataya, na matumbawe laini hukutwa yamekatwa, si yameoza.

Mwaka 2009, katika jumba la maonyesho ya samaki la Blue Reef mjini Newquay, Uingereza, matumbawe yalikuwa yakikatwa usiku kwa muda mrefu bila mkosaji kuonekana, hata wafanyakazi wakaamua kuibomoa miamba yote ya tangi. Ndipo walipomtoa mnyoo wa namna hii mwenye urefu wa zaidi ya mita moja. Walikwisha jaribu kumtegea chambo kabla ya hapo, naye akaharibu mitego. Nakieleza kisa hiki si kukutia woga, bali upate kufahamu kwa nini simkatikati mnyoo huyu kwa kibano: vipande vinavyobaki tunduni huweza kuishi. Jiwe analokaa litolewe zima, liwekwe katika ndoo ya maji ya bahari, na humo ndimo ashughulikiwe.

Wengine ni wa heri. Nyuzi mbili zinazopunga kutoka katika kijibomba chembamba, nyuzi nyingi ndefu kama tambi zilizolala mchangani, na taji la manyoya linalofunguka na kufumba, wote hao waache. Mnyoo bapa wa rangi ya kutu mwenye mkia wa pembe mbili, aenezaye utando mwekundu juu ya kila jiwe, ni mas'ala nyingine: wakiuawa kwa dawa wote kwa pamoja hutoa sumu majini inayoweza kuua samaki, kwa hiyo wavute kwanza kwa mpira mwembamba siku kadhaa mfululizo, ubaki na wachache, uwe na makaa ya kuchujia tayari, ndipo ufikirie dawa.

Kaa

Kaa hasomwi kwa rangi, husomwa kwa mkono. Ukipata nafasi ya kumwona anakula, tazama ncha za makoleo yake: zikiwa butu na zimebonyea kama kijiko, huyo ni mkwanguaji wa mwani, zikiwa kali, hasa akiwa na mwili mnene wenye nywele na vidole vyeusi, huyo atakula nyama, na akikua atakula samaki aliyelala. Sisemi kanuni hii haina kombo, maana kaa wengi hula wakipatacho, na hata mkwanguaji akiwa na njaa hubadili tabia. Lakini baina ya kumkisia kaa kwa rangi ya gamba na kumkisia kwa koleo, la pili lina haki zaidi.

Lipo kosa moja linalonihuzunisha kila nilisikiapo. Mtu hununua tumbawe la matawi, akakuta kaa mdogo laini, anayeng'aa kama kigae, amejikita katikati ya matawi, akamng'oa kwa ghadhabu. Huyo ni Trapezia, aliyepo hata katika miamba ya pwani yetu. Hula ute wa tumbawe, naye hulilinda, kiasi cha kumbana miguu kiti cha pweza mwenye miiba ajapo kulila. Mwache alipo.

Konokono

Geuza gamba uangalie mdomo. Mdomo wa mviringo usio na mfereji aghalabu ni wa mla mwani. Mdomo wenye mfereji au mkonga mbele aghalabu ni wa mla nyama. Nassarius, ambaye huzikwa mchangani akaibuka asikiapo harufu ya chakula, ana mkonga lakini hula mabaki tu, na kauri naye hupotoka na kanuni hii.

- Kijiwe chenye vibao vinane mgongoni kama kobe aliyebandikwa: mkwanguaji, hana neno.
- Konokono mwenye gamba bapa kama ukucha, mwili ukizidi gamba, akimbiaye kuliko ada ya konokono: Stomatella, na ukimpata mmoja utawapata mia, kwa heri.
- Vikonokono vyeupe kama chembe ya mchele, vilivyokusanyika kwenye ukingo wa gamba la konokono mwingine au la kombe kubwa: wanyonyaji, wapanguse kila usiku kwa mswaki.
- Vibomba vigumu vilivyoganda jiweni, vikali kama wembe, vitoavyo utando wa makamasi: konokono wa bomba. Anasa uchafu kwa utando huo na kuyaudhi matumbawe yaliyo jirani. Vunja bomba kwa koleo, au ziba mdomo kwa tone la gundi nzito.

Anemoni za kahawia

Kama kuna mgeni asiyestahili siku saba, ni Aiptasia. Anafanana na mnazi mdogo wa kioo, kahawia iliyofifia, mwenye minyiri mirefu yenye ncha, na ukimgusa huzama tunduni kwa kufumba na kufumbua. Leo yuko mmoja, baada ya miezi miwili wako arobaini, nao huchoma kila tumbawe wanalolifikia.

Kosa la kila anayeanza ni kumkwangua kwa kisu. Kipande chochote cha unyayo kinachobaki jiweni huota kikawa Aiptasia mwingine, hivyo aliyekwangua mmoja amepanda shamba. Fanya hivi badala yake: chukua chokaa safi ya kalisi haidroksaidi, ile ya wafugaji au ya kutilia vyakula, si ya kupakia kuta, ikoroge kwa maji kidogo mpaka iwe nzito kama uji wa mtoto, zima pampu, ivute kwa bomba la sindano, kisha idondoshe polepole juu ya kinywa chake bila kumgusa, mpaka azame nayo. Ngoja kama robo saa kabla ya kuwasha pampu. Usiwape wengi siku moja, kwani chokaa hupandisha pH ya maji, na tangi dogo haliwezi kuhimili hilo.

Wapo na walaji wake: kamba wa Lysmata wurdemanni, samaki Chelmon rostratus, na koa mdogo Berghia asiyekula kingine chochote. Samaki huyo mgumu kulisha, tena anaweza kuonja matumbawe yako, basi asinunuliwe kwa ajili ya anemoni watatu.

Mlio wa kidole

Watu hushtuka usingizini wakidhani kioo kimepasuka. Mlio mkavu kama wa vidole vilivyoalishwa, tik, tik, mara nyingi ni wa kamba bunduki, ambaye hulifunga koleo lake kubwa kwa kasi, naye kwa kawaida hachokozi mtu. Anayefanana naye kwa mlio na si kwa tabia ni yule mwenye mikono iliyokunjwa kifuani kama vunjajungu, macho juu ya vijiti yakigeuka kila moja upande wake. Huyo huvunja magamba ya konokono na kaa kwa pigo moja. Ukikuta magamba yaliyotobolewa mbele ya tundu la mviringo, kumbuka wachokoa pweza.

Mitego yake, ambayo humfaa na kaa pia:

- Glasi ya kunywea iegemezwe jiweni, mdomo juu, kipande cha kamba kikiwa ndani. Kaa huingia, hushindwa kutoka kwa utelezi.
- Chupa ya plastiki iliyokatwa shingo ikageuziwa ndani kama dema.
- Ukilijua jiwe lake, litoe, ulishike juu ya ndoo, umimine tunduni maji ya chumvi nzito kuliko ya tangi, yaliyo na joto lile lile. Atatoka mwenyewe, na jiwe halifi.

Tahadhari za mwili wako

Haya si ya kuongezea makala uzito. Katika vishada vya polipi vyenye umbo la kitufe, jamii ya Palythoa na Zoanthus, baadhi vina sumu iitwayo palitoksini, ambayo wanakemia wa Hawaii waliitenga mwaka 1971, nayo ni miongoni mwa sumu kali kabisa zinazojulikana zitokazo kwa viumbe. Kwa hiyo jiwe hai lisichemshwe kamwe, lisimwagiwe maji moto, wala lisisuguliwe kwa brashi kavu ndani ya nyumba, kwa kuwa mvuke na rasharasha zake zimewahi kuwapeleka hospitali watu na jamaa zao waliokuwa chumba cha pili. Vaa glavu na miwani, fanya kazi mahali penye hewa, na ukipata homa, ladha ya chuma kinywani au kifua kubana baada ya kazi hiyo, nenda kwa daktari umweleze ulichokuwa unashika.

Konokono mwenye gamba la umbo la pia, lenye michoro mizuri, asishikwe hata kwa glavu. Hurusha mshale wa sumu, na Conus geographus, akaaye Bahari ya Hindi, ameua watu. Nywele za mnyoo zikikuingia, zitoe kwa utepe wa kunata, usizisugue.

Mnayonipinga

"Kwa nini nisitie dawa ya shaba nikamaliza kazi?" Kwa sababu shaba huua kila asiye na uti wa mgongo, mwema na mbaya pamoja, na huingia jiweni ikakaa huko. Dawa hiyo ni ya tangi la wagonjwa lisilo na jiwe.

"Siku saba ni nyingi, akila samaki wangu je?" Ndiyo maana nasema usitie samaki mapema. Katika mwezi wa kwanza, ambao hata bila wageni wowote maji hayajatulia, tangi tupu halina kitu cha kuliwa, nawe una fursa ambayo hutaipata tena ya kuangalia jiwe moja moja.

"Basi nikimkamata, nimrudishe baharini?" Hasha, hata kama unaishi hatua mia kutoka ufukweni. Jiwe lako pengine limetoka bahari nyingine kabisa, na mwani wa Caulerpa taxifolia, ulioonekana pwani ya Monaco mwaka 1984 ukiwa umetokana na mwani wa matangi, ulienea baadaye katika sehemu kubwa za Bahari ya Kati. Usiyemtaka mgandishe barafuni, au mpe mfugaji mwenzio, au mwekee tangi lake mwenyewe. Mimi ninaye vunjajungu mmoja katika tangi la lita arobaini kando ya kabati la vyombo, aliyekuja na jiwe lililokuwa la bei rahisi; watoto wa ndugu zangu wakija humwendea yeye kwanza, na samaki wangu wa fedha nyingi huulizwa baada ya chai.